Mizani ya Saa Kumi

Katika estate nzima ya chai ya Chemoswa, upande ule wa Kimulot ambako baridi ya msitu wa Mau huingia mpaka ndani ya blanketi, hakuna mtu aliyependa ratiba kuliko Joab Oyoo. Alikuwa karani wa ofisi ya welfea, yaani ofisi ya kuwaburudisha wafanyakazi hata kama hawataki kuburudishwa. Mashine yake ya taipu aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa ambacho mkewe alikatazwa kukifua pamoja na nguo nyingine. Ratiba ya mechi za mpira aliipanga yeye. Ya sinema ya afya, ile inayoonyesha nzi mkubwa kama ng'ombe akitua kwenye ugali, aliipanga yeye. Hata nyumbani kwake palikuwa na karatasi ukutani ya siku za kuoga watoto, na watoto, kwa kuwa hawakujua kusoma, waliogeshwa walipokuwa wachafu.

Mwaka ule wa 1956, mkubwa wake, Mzungu ambaye watu wa kambi walimwita Bwana Raha, alirudi kutoka likizo Ulaya akiwa na wazo. Mtu aliyetoka likizo na wazo ni wa kuogopwa. Huko kwao, alisema, wazee hawaachwi ukutani kuota jua; wanapangiwa nyimbo, michezo na kazi za mikono ili akili zisilale. Na hapa Chemoswa kulikuwa na wazee kumi na mmoja, baba na mama za wafanyakazi, wanaokaa tu.

"Joab, wewe tengeneza ratiba," akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Kila saa iko na kazi yake. Mzee hapana lala."

"Ndiyo, Bwana."

"Mwisho ya mwezi meneja anakuja kuangalia, pamoja na daktari. Mzee anaweza fuata ratiba, anakaa hapa. Mzee kichwa yake imekwisha, lori inapeleka yeye rizavu. Anapumzika kwao."

Joab aliyaandika yote kwa hati yake nzuri, lakini alipofika kwenye lori, kalamu ikasita. Miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwemo Jerusa Amolo, mama mzazi wa mkewe Rebeccah. Na kichwa cha Jerusa kilikuwa kimeshaanza safari yake peke yake tangu mwaka uliopita.

Jerusa alikuwa amechuma chai hapo hapo Chemoswa kwa miaka ishirini na miwili. Alipozeeka alirudi kwao rizavu, kando ya ziwa, akaishi na mwanawe wa kiume. Mwana akafa, mvua ikaiangusha nyumba, na Rebeccah, mtoto pekee aliyebaki, akaenda kumchukua. Kumrudisha rizavu kulikuwa ni kumshusha na kifurushi chake mbele ya ukuta ulioanguka, kisha lori ligeuze. Hilo Joab alilijua vizuri, na lilimnyima raha.

Shida ya Jerusa ilikuwa moja. Kila asubuhi aliamka akauliza kikapu chake kiko wapi. Akikikosa alichukua karai, akatoka, akachuma chochote cha kijani kilichokuwa mbele yake. Alichuma kunde za majirani. Alichuma maua ya mke wa meneja, na akayachuma kwa ustadi, majani mawili na ncha, majani mawili na ncha, mpaka pale palipokuwa na bustani pakabaki vijiti.

Shida ya Joab nayo ilikuwa moja, na huyo hakuwa na udhuru wa uzee. Kwa kina Joab, mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wala mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Sasa huyu Joab alikuwa mtu wa misheni, mvaa tai, mwenye kula samaki kwa uma na kuwacheka wanaoogopa bundi. Mambo ya kale mengi aliyatupa bila kuangalia nyuma. Ila hili alilishika kwa mikono miwili. Miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kumpa Jerusa mkono wala kuongea naye ana kwa ana. Akimwona njiani aliingia katikati ya michai, akasimama kuikagua kama mtu wa serikali hadi mama apite. Rebeccah ilibidi amlaze mamake kwa Celine, mjane aliyekaa mlango wa tatu.

"Ni heshima," Joab alipenda kusema. Na kweli ilikuwa heshima, tena ya aina nzuri kabisa, maana haikumsumbua hata siku moja.

Ratiba ikapigwa taipu, nakala tatu. Jumatatu nyimbo za kanisa, Jumanne kufuma, Jumatano drafti, Alhamisi sinema, Ijumaa mazoezi ya viungo. Kila siku kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, katika holi ya kambi. Celine, aliyekuwa ameumia mguu kwa kuteleza shambani, akapewa kazi ya kusaidia.

Jumatatu wazee waliimba, lakini kila mmoja wimbo wa kanisa lake na wa lugha yake, na aliyemaliza wa kwanza alijiona ameshinda. Jumanne Zacheus Muturi, fundi seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya estate hiyo, alizitazama sindano za kufumia akauliza ni nani amekufa kwa baridi. Kisha akainama, akaukagua mguu wa benchi alilokalia, akasema fundi aliyeupigilia alikuwa mlevi. Kufikia saa tisa benchi lilikuwa vipande vitano sakafuni na Muturi alikuwa anafurahi kuliko mtu yeyote humo ndani. Joab alimpokonya nyundo, kwa kuwa ratiba ilisema kufuma.

Lakini kituko kilikuwa cha Joab mwenyewe. Atawafundishaje wazee huku mama mkwe ameketi safu ya mbele? Aligeuka akaangalia ukuta. Alifundisha mchana wote akiangalia ukuta.

"Celine, mwambie mama ashike sindano hivi."

"Hivi vipi, Karani? Si tunaona mgongo tu."

Ijumaa ya mazoezi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kitabu cha Bwana Raha kilitaka mwalimu ainame ashike vidole vya miguu. Kuinama hivyo mbele ya mama mkwe! Joab alitoka nje, akafunga mlango, akaendesha mazoezi kwa kupaza sauti dirishani: "Juu! Chini! Juu!" Ndani, wazee wakatulia kumsikiliza, wakijiuliza karani anagombana na nani.

Hayo yote yangevumilika. Lisilovumilika lilikuwa saa kumi. Saa kumi nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya kibanda cha mizani, na wachumaji wote wakapanga foleni na vikapu vyao ili majani yapimwe. Jerusa akisikia mlio huo alisimama hapo hapo.

"Majani yatachemka," alisema. Na alisema kweli, kwa sababu majani ya chai yakishindiliwa kikapuni muda mrefu hupata joto, yakageuka mekundu, nyapara akayamwaga. Ukimzuia asiende alianza kulia, halafu kusukuma, na wiki ya pili alimng'ata Celine mkono.

"Mbona zamani hakuwa anapiga kelele saa kumi?" Joab alimwuliza Rebeccah jioni hiyo, akila samaki wake.

Rebeccah alimtazama kwanza. "Zamani alikuwa anaenda kwa Kebaso."

Kebaso alikuwa nyapara wa mizani. Na Joab, akiwa na mfupa wa samaki mkononi, akakumbuka.

Mwezi uliotangulia, kabla Bwana Raha hajarudi na wazo lake, Joab alikuwa amesikia kwamba Jerusa hupanga foleni na wachumaji, na kwamba Kebaso hutundika karai lake lenye kunde na magugu kwenye ndoano ya mizani, akatangaza kwa sauti, "Ratili kumi na mbili, mama!" Naye mama huondoka ameridhika, akala, akalala. Joab, mtu wa utaratibu, alimwandikia Kebaso barua: asiyekuwa mfanyakazi haruhusiwi kibandani. Nakala tatu. Kebaso alikuja ofisini ameishika ile barua kwa vidole viwili.

"Karani, huyu mama ndiye alinifundisha kuchuma. Mimi namfukuza namna gani?"

"Sheria ni sheria, Kebaso."

"Haya. Lakini wewe ndiye mkwe wake, si mimi."

Sasa Joab aliuweka ule mfupa pembeni. "Ningemwachia Kebaso..." alianza.

"Ungemwachia," Rebeccah alisema. "Lakini ulipiga taipu. Na ile barua meneja mwenyewe aliweka sahihi." Kisha akaanza kulia bila kelele, akiendelea kuosha vyombo. "Wakimpeleka, Joab, mimi nitaenda naye. Nitakaa naye kwenye huo ukuta."

Ratiba hiyo haikuwa kwenye karatasi yoyote, na Joab hakupata usingizi.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumanne, siku ya kufuma, saa tisa na nusu. Joab aliomba isogezwe iwe asubuhi. Bwana Raha akajibu kwamba asubuhi meneja anacheza gofu. Basi Joab akafanya kile afanyacho karani akiishiwa na la kufanya, akapamba holi. Wiki hiyo watu wa Kebaso walikuwa wanapogoa shamba namba sita, na matawi ya chai yalikuwa yamelala chini yakisubiri kuwa kuni. Joab aliyabeba bure, akayafunga madirishani, kwenye nguzo, na kuzunguka meza aliyoiweka mbele kwa ajili yake na daftari la mahudhurio. Holi ikapendeza kweli. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza kama ana akili timamu.

Wageni walifika: meneja, daktari wa kampuni, na Bwana Raha aliyetangulia mbele akifungua milango iliyokuwa wazi. Walikuta wazee tisa wamesinzia na nyuzi za sufu mapajani. Muturi alikuwa amelala chini ya benchi, macho wazi, akiukagua mguu wa nne. Na Jerusa hakuwa kwenye kiti.

Jerusa alikuwa dirishani. Kikapu cha kuwekea sufu alikuwa amekimwaga na kukifunga mgongoni kwa kanga, na mikono yote miwili ilikuwa inaruka juu ya matawi ya chai, majani mawili na ncha, bila kutazama, jinsi wachumaji wa kweli wasivyotazama. Dirisha moja lilikuwa limekwisha. La pili lilikuwa nusu. Celine alimwangalia Joab; Joab aliangalia ukuta wake. Rebeccah alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Huyu nafanya nini?" meneja akauliza.

"Hii ni..." alisema Bwana Raha, akageuka kumtafuta karani wake.

Ndipo kipande cha reli kikalia huko nje. Saa kumi.

Jerusa aliacha tawi. Alifungua kanga, akakishusha kikapu, akatazama huku na huku akitafuta mizani. Mlango ulikuwa umezibwa na Wazungu. Lakini mbele ya holi palikuwa na meza, na nyuma ya meza palikuwa na karani mwenye tai na daftari lililofunguliwa. Katika miaka ishirini na miwili Jerusa hakuwahi kuona karani, meza na daftari saa kumi kwa sababu nyingine. Akaenda moja kwa moja, akakiweka kikapu mezani, juu ya ratiba.

"Pima, karani," alisema kwa Kiswahili cha kambi. "Majani yatachemka."

Joab hakuwa na ukuta wa kuangalia. Mama mkwe wake alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, akimtazama usoni, mbele ya mkewe, mbele ya meneja, mbele ya Celine ambaye angeyasimulia hadi Kapsoit. Aliona kwa mara ya kwanza kuwa jicho moja la mama lilikuwa na ukungu. Aliona midomo ikianza kutetemeka, na alijua kinachofuata: kilio, kusukuma, daktari na kalamu yake, lori. Aliogopa sana, na aliona aibu, na bado alisimama.

Alikishika kikapu mshikio mmoja, Jerusa akiwa bado ameshika wa pili, mpaka akauachia. Akakinyanyua kwa mkono mmoja mpaka usawa wa bega, akakiacha kining'inie, jinsi mizani inavyotulia kabla ya kusomwa.

"Ratili kumi na tano," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mama."

"Angalia vizuri, karani."

Joab akaangalia vizuri. "Kumi na sita."

"Hapo sawa."

Wale wengine walikuwa wameamka. Hakuna aliyewaita. Mmoja baada ya mwingine waliinuka wakapanga foleni nyuma ya Jerusa, kwa sababu miili yao ilizoea kupanga foleni hapo kabla wengine humo ndani hawajazaliwa. Waliokuwa na sufu walileta sufu. Muturi alileta mguu wa benchi.

"Na hii?"

"Ratili nne," alisema Joab, aliyekuwa sasa hana cha kupoteza. Kisha akarudi kwa Jerusa, akachota majani kikapuni, akakunja uso kama Kebaso. "Kuna magumu hapa, mama. Nenda uchague tena."

Jerusa hakubisha, maana hilo nalo lilikuwa la kila siku. Aliketi sakafuni, akamwaga majani kwenye kanga, akaanza kutenga laini na magumu, na wazee wengine wanne wakaketi kumsaidia wakimlaumu kwa uzembe. Holi ikajaa mazungumzo. Muturi akaomba nyundo, na safari hii Joab akampa.

Daktari aliinama kwa Jerusa. "Mama, leo siku gani?"

"Siku ya kuchuma."

"Na huyu ni nani?"

Jerusa alimtupia Joab jicho. "Huyu? Karani wa mizani. Mpya. Mkono wake mwepesi kidogo."

Daktari aliona kwamba Joab alikuwa karani kweli, akaandika kwamba kumbukumbu ya mama ni nzuri. Meneja alimpa Bwana Raha mkono. Bwana Raha alimwuliza Joab kwa sauti ya chini kazi hii iko wapi kwenye ratiba.

"Saa kumi, Bwana. Ilisahaulika kupigwa taipu."

Lori la mwisho wa mwezi lilienda Kericho likiwa limebeba sindano za kufumia, zirudishwe. Bwana Raha aliandika ripoti ndefu juu ya njia yake mpya ya kuchangamsha wazee, ikatumwa kwenye estate za jirani. Huko nako makarani walianza kupima wazee wenyewe, mmoja mmoja, kwa mizani ya magunia, na kushangaa faida yake ni nini.

Joab aliifuta ile barua ya Kebaso kwa barua nyingine, nakala tatu, na Kebaso akamletea mizani ya zamani yenye ndoano iliyopinda. Kila siku saa kumi Joab alisimama mbele ya holi akapima. Watu wa kwao walinong'ona, kisha wakazoea. Alijitetea kwamba pale yeye si mkwe, ni karani wa mizani, na mizani ilikuwa inaning'inia katikati yao, kwa hiyo hakuna mwiko uliovunjwa. Alikuwa amelipanga vizuri jambo hilo, kama alivyopanga mengine.

Jerusa alikuwa mpenda kuongea. Wakati ndoano ikitulia alimpa habari za kambi, nyingi za mwaka 1935. Siku moja ya mvua, kikapu kikiwa juu, alisema:

"Karani, wewe unakaa huku ofisini. Unamjua mtu anaitwa Oyoo?"

Joab alikaza macho kwenye mizani. "Namsikia."

"Ameoa binti yangu. Mtu wa tai, ana kazi nzuri. Binti yangu hali njaa." Alifikiri kidogo. "Lakini tangu aoe hajanisalimia hata siku moja. Akiniona anaingia kwa chai anajificha. Sijui nilimkosea nini."

Mwiko Jerusa alikuwa ameusahau. Sababu zote alikuwa amezisahau, na hakuna wa kumrudishia. Kilichobaki kichwani mwake ni yule mkwe aliyesimama kati ya michai na kumpa mgongo. Joab alitaka kumweleza kwamba ilikuwa heshima, ila neno lenyewe halikumtoka, na alisikia machozi yakimjia mbele ya foleni nzima.

"Hukumkosea kitu, mama," alisema. "Ratili kumi na nane."

"Ukimwona, mwambie namsalimia."

"Nitamwambia."

"Mtasahau, ninyi watu wa ofisi. Haya, wewe nisalimie kwa niaba yake." Akapitisha mkono chini ya mizani, akaunyoosha.

Joab aliweka penseli chini, akaupokea. Ulikuwa mkono mkavu, wenye nguvu, mweusi kwa utomvu wa chai kwenye ncha za vidole, na haukumwachia, wala yeye hakuuachia, mpaka Muturi huko nyuma akaanza kulalamika kwamba majani yatachemka.